Mboni ya jicho na lenzi ya kupandikizwa: mambo ya kuzingatia kabla ya upasuaji wa kurekebisha kutoona mbali

Mtu anayejiandaa kupandikizwa lenzi ndani ya jicho ili aachane na miwani ya kuonea mbali kwa kawaida hufika kliniki akiijua vyema namba ya miwani yake, lakini ni wachache wanaojua mboni zao hufikia ukubwa gani gizani. Kwa maoni yangu hilo ndilo pengo kubwa zaidi katika maandalizi, kwa sababu mboni ina sehemu kubwa katika kuamua jinsi mtu huyo atakavyoona usiku baada ya upasuaji, na mboni hiyohiyo ni miongoni mwa vitu vya kwanza kutoa ishara pale presha ya jicho inapopanda ghafla. Maelezo haya yanahusu lenzi inayowekwa nyuma ya airisi, yaani ile sehemu ya jicho yenye rangi, na mbele ya lenzi ya asili ambayo haitolewi.

Lenzi iliyoenea zaidi ya aina hiyo hujulikana kwa kifupi kama ICL, nayo hutengenezwa na kampuni ya STAAR Surgical ya Marekani kwa malighafi laini iitwayo Collamer, ambayo ina kiasi kidogo cha kolajeni. Nchini Marekani iliidhinishwa Desemba 2005, na Machi 2022 likaidhinishwa toleo la EVO, ambalo lina kitundu katikati chenye upana wa milimita 0.36. Idhini hiyo ilipotolewa ilimtaka mgonjwa awe na umri wa miaka 21 hadi 45, namba yake iwe kati ya −3 na −20 na isiwe imebadilika kwa zaidi ya nusu dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) katika mwaka uliotangulia, na chumba cha mbele cha jicho, yaani nafasi iliyo kati ya konea na airisi, kiwe na kina cha angalau milimita 3. Daktari huingiza lenzi ikiwa imekunjwa kupitia mkato wa milimita 3 hivi pembeni mwa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, huiacha ifunguke taratibu, kisha huzipenyeza pembe zake nne, moja baada ya nyingine, chini ya airisi. Hatua hiyo haiwezekani mboni ikiwa imesinyaa, na ndiyo maana mgonjwa hutiwa matone ya kuipanua kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Airisi ina misuli miwili inayofanya kazi kinyume. Mmoja umezunguka ukingo wa mboni na huibana mwanga unapokuwa mkali au mtu anapotazama kitu cha karibu, na mwingine umetandazwa kuelekea pembeni na huivuta iwe pana gizani, au mtu anapoogopa au kupata maumivu. Mchana mboni ya kijana inaweza kuwa na upana wa milimita 2 hadi 4, na gizani ikafika 7 au hata 8, ingawa kadiri umri unavyosonga ndivyo upana huo wa gizani unavyopungua. Lenzi ya kupandikizwa hukaa mgongoni mwa airisi hii inayosogea siku nzima, hivyo si ajabu kwamba mwenendo wa mboni baada ya upasuaji usiwe uleule kabisa wa zamani.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuomba, tena mapema, ni vipimo vya mboni katika mwanga wa kawaida na katika giza, kwa kila jicho peke yake, na vipimo hivyo viandikwe kwenye karatasi utakayobaki nayo. Kipimo cha gizani kinachofaa huchukuliwa kwa kifaa kinachotumia miale isiyoonekana, baada ya mgonjwa kukaa dakika kadhaa katika chumba chenye giza, na hakipaswi kuchukuliwa siku ambayo macho yametiwa dawa ya kupanua mboni. Mpimaji akikutazama tu kwa rula chini ya taa ya chumba na kuandika namba moja, mwulize kwa upole kama kipimo cha gizani kitafanyika siku nyingine. Ni swali halali, na kliniki inayofanya upasuaji huu inapaswa kuwa na jibu lake.

Zaidi ya vipimo vya kliniki, ninahimiza sana kupiga picha za macho yako nyumbani kabla ya upasuaji. Sababu yake ni rahisi: takriban mtu mmoja kati ya watano ana mboni zinazotofautiana ukubwa kidogo tangu zamani bila kujua, na tofauti hiyo, ambayo kwa kawaida haifiki milimita moja, huonekana kwa mara ya kwanza pale mtu anapoanza kujichunguza kwenye kioo baada ya upasuaji. Asiye na picha ya awali hana cha kulinganisha, na hofu yake, au kinyume chake utulivu wake usio na msingi, hukosa mahali pa kusimamia. Kwa macho ya kahawia iliyokolea, kama yalivyo ya wengi wetu, picha za kawaida za simu hazisaidii, kwa kuwa mboni nyeusi hupotea ndani ya airisi nyeusi. Mwombe mtu akupige picha ukiwa umekaa kando ya dirisha, macho yote mawili yakiwa katika picha moja, rula ya milimita ikiwa imeegemezwa chini ya kope. Kisha upigwe nyingine jioni katika chumba chenye mwanga hafifu, tochi ya simu ya pili ikiwa imeshikwa chini upande wa shavu na kuelekezwa pembeni, ili airisi ing'ae kiasi cha kuonyesha mpaka wake na mboni bila mwanga kuingia jichoni moja kwa moja. Utaona ukingo wa mboni kwa uwazi ambao hukuutarajia. Hifadhi picha hizo pamoja na tarehe.

Baada ya hapo linakuja suala la upana wa sehemu ya lenzi inayofanya kazi ya kurekebisha uoni. Lenzi nzima ni pana, kwani hupatikana katika ukubwa wa milimita 12.1, 12.6, 13.2 na 13.7, lakini sehemu ya katikati yenye namba ni ndogo kuliko hapo: katika toleo la EVO ni kati ya milimita 4.9 na 5.8, na lipo toleo jingine ambalo hufika 6.1. Sehemu hiyo huwa nyembamba zaidi katika lenzi zenye namba kubwa, jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi, na maana yake ni kwamba mtu mwenye −14 anapata eneo dogo la kuonea kuliko mwenye −6. Mboni ikitanuka gizani hadi kuukaribia au kuupita ukingo wa eneo hilo, mwanga wa pembeni hupita mahali pasiporekebishwa na kusambaa, naye mtu huona miduara kuzunguka taa, mng'ao unaoumiza, au vivuli vya herufi kwenye mabango. Muulize daktari waziwazi: katika namba yangu, eneo la kuonea la lenzi hii lina upana gani, na mboni yangu ya gizani ni milimita ngapi? Namba hizo mbili hazitoshi kutabiri kila kitu, kwa kuwa wapo wenye mboni pana wasiolalamika na wenye mboni za wastani wanaolalamika, lakini kuzijua kunamwezesha mtu kukubali au kukataa akiwa na macho wazi.

Kitundu cha katikati nacho huleta pete yake. Mwanga unaogonga ukuta wa ndani wa kitundu hicho unaweza kutengeneza duara jembamba ambalo mtu huliona hasa akitazama taa moja katika giza, na duara hilo ni tofauti na mng'ao wa ukingoni. Kwa wengi hufifia au huacha kusumbua katika majuma na miezi inayofuata, kwa sababu ubongo hujifunza kulipuuza. Hata hivyo mtu ambaye riziki yake ni kuendesha gari usiku, kama dereva wa lori la masafa marefu anayekutana na taa kali kutoka upande wa pili usiku kucha, anapaswa kulitafakari jambo hili kwa uzito kuliko mtu wa ofisini. Ningependelea dereva kama huyo afanye upasuaji katika kipindi ambacho anaweza kukaa wiki kadhaa bila safari za usiku, kisha arudi barabarani baada ya kujipima mwenyewe kama abiria kwanza.

Dawa unazotumia ziorodheshwe zote, pamoja na zile za dukani ambazo watu hawazihesabu kuwa dawa. Baadhi ya dawa za mafua na mzio, baadhi ya dawa za msongo wa mawazo, na dawa za kuzuia kichefuchefu cha safari zinaweza kupanua mboni. Dawa za maumivu za jamii ya afyuni huisinyaza. Na tamsulosini, ambayo wanaume hupewa kwa ajili ya tezi dume, huilegeza airisi kiasi kwamba daktari mpasuaji lazima aijue mapema hata kama mgonjwa aliacha kuitumia. Zitajwe pia dawa za kienyeji. Mnanaha, ule mmea wa maua meupe yenye umbo la tarumbeta na matunda ya miiba, una sumu inayopanua mboni, na mtu akishika majani yake kisha akajipangusa jicho anaweza kuamka na mboni moja kubwa isiyosinyaa. Fikiria mkanganyiko utakaotokea jambo hilo likimpata mtu wiki moja baada ya kupandikizwa lenzi.

Wanaovaa lenzi za machoni, zile za kuvaa na kuvua, wataombwa waziache kwa muda kabla ya vipimo, kwa kawaida wiki moja au mbili kwa zile laini na zaidi ya hapo kwa zile ngumu, ili konea irudi katika umbo lake.

Siku ya upasuaji yenyewe inahitaji ufahamu wa saa, kwa sababu mboni kubwa saa sita baada ya upasuaji na mboni kubwa siku ya tano si jambo moja. Kati ya matone ya kupanua mboni, tropikamidi huisha nguvu baada ya saa chache, saiklopentoleti inaweza kubaki hadi siku nzima, na atropini, ambayo si lazima itumike, inaweza kuiacha mboni wazi kwa wiki moja au mbili. Katika macho yenye rangi iliyokolea dawa hizi huchelewa kuanza kufanya kazi na pia huchelewa kuondoka, kwa kuwa rangi ya airisi huzishika na kuziachia polepole, hivyo muda ulioandikwa katika vipeperushi vya kigeni mara nyingi ni mfupi kuliko utakaouona wewe. Kabla ya kuondoka kliniki, uliza majina ya matone uliyotiwa na saa inayotarajiwa mboni kurudi. Uliza vilevile kama mwishoni mwa upasuaji daktari aliweka dawa ya kusinyaza mboni, kwa maana wengine hufanya hivyo, na mgonjwa huona dunia imefifia usiku ule wa kwanza na kuhisi maumivu ya wastani juu ya nyusi. Kwa utaratibu wa rangi unaofuatwa na watengenezaji wengi, chupa yenye kifuniko chekundu ni ya kupanua mboni na yenye kifuniko cha kijani kibichi ni ya kusinyaza. Hata hivyo soma jina kila mara, na usitumie kamwe matone yaliyobaki ya ndugu mwingine nyumbani.

Ni mabadiliko gani basi ya kutarajia jicho likiwa limepona vizuri? Watafiti waliopima mboni kabla na baada wameripoti kwamba inaweza kuwa ndogo kidogo kuliko zamani, au kuitikia mwanga tofauti kidogo, na maelezo yanayotolewa ni kwamba mgongo wa airisi sasa unagusana na lenzi. Kwa mtu mwenyewe mabadiliko ya kiasi hicho mara nyingi hayaonekani bila kifaa. Uhusiano huo unakwenda pande zote mbili: mboni inaposinyaa juani, airisi huisukuma lenzi nyuma, na ile nafasi kati ya lenzi ya kupandikizwa na ya asili hupungua, halafu gizani huongezeka tena. Madaktari wengi hulenga nafasi ya mikroni 250 hadi 750 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Ikiwa ndogo mno, lenzi ya asili inaweza kuanza kupata mtoto wa jicho. Ikiwa kubwa mno, airisi husukumwa mbele, njia ya kutolea maji ya jicho huwa nyembamba, na presha inaweza kupanda. Kwa hiyo nafasi hiyo inapopimwa katika miadi ya baadaye, ni vyema ipimwe katika mwanga uleule kila mara, la sivyo namba zitatofautiana bila chochote kuwa kimebadilika.

Hatari inayostahili maandalizi zaidi kuliko nyingine zote ni presha kupanda katika saa za mwanzo. Maji ya jicho hutengenezwa nyuma ya airisi na kupita katika mboni kwenda mbele. Kitundu cha EVO kipo ili njia hiyo isizibwe na lenzi, ilhali lenzi za zamani zisizo na kitundu hudai airisi itobolewe pembeni, kwa kawaida kwa leza, siku kadhaa kabla. Jua mapema unawekewa ipi, na kama ni isiyo na kitundu, hakikisha matundu ya leza yamekaguliwa na kuthibitishwa kuwa yako wazi. Hata palipo na kitundu, jeli inayotumika kulinda jicho wakati wa upasuaji ikibaki ndani inaweza kuziba mifereji na kupandisha presha ndani ya siku ya kwanza, na ndiyo sababu kipimo cha presha baada ya saa chache, na kingine siku inayofuata, havipaswi kurukwa. Presha ya kawaida huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Ikipanda sana, airisi hukosa damu ya kutosha, misuli yake hulemaa, na mboni hubaki wazi hata mwanga ukimulikwa. Hali hiyo ya mboni kuganda ikiwa pana inabeba jina la Urrets-Zavalia, daktari wa Argentina aliyeieleza mwaka 1963 kwa wagonjwa waliopandikizwa konea, na tangu hapo imeripotiwa pia baada ya lenzi hizi za kupandikizwa. Hutokea kwa nadra. Wapo ambao mboni zao hurudi baada ya wiki au miezi, na wapo ambao hazirudi, wakabaki kuhangaika na mwanga hadi wapewe lenzi za machoni zenye rangi au wafanyiwe upasuaji wa kushona mboni.

Msindikizaji wako naye afundishwe dalili hizi kabla, kwa kuwa wewe utakuwa na maumivu na huenda usifikiri sawasawa: jicho kuuma kwa nguvu, kichwa kuuma upande wa jicho hilo, kichefuchefu au kutapika, ukungu unaozidi, taa kuonekana zimezungukwa na rangi za upinde wa mvua, na mboni kubwa isiyosogea inapomulikwa tochi kutoka pembeni. Kwetu mtu anayetapika huku kichwa kikimuuma hupelekwa kupimwa malaria au hupewa dawa ya tumbo, na katika hali hii saa zinazopotea kwa njia hiyo ndizo zinazoharibu jicho. Asisubiri dalili zote zikamilike. Apige simu, na kama simu haipokewi aende hospitali yenye idara ya macho, aseme neno la kwanza kabisa kwamba jicho limepandikizwa lenzi na kwamba presha ipimwe mara moja. Namba ya simu inayopokewa usiku iombwe kabla ya siku ya upasuaji, na ijaribiwe kwa kuipiga, jambo ambalo watu huliona la kitoto lakini mimi nalishikilia.

Kutokana na hayo, mpango wa safari ni sehemu ya matibabu. Anayetoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, au anayevuka bahari hadi India, asikate tiketi ya kurudi kesho yake. Kupanda ndege hakuwi tatizo lenyewe, kwa kuwa hakuna gesi inayoachwa ndani ya jicho katika upasuaji huu. Tatizo ni kuwa mbali na mtu mwenye kifaa cha kupimia presha. Kaa karibu na kliniki angalau hadi ukaguzi wa wiki ya kwanza upite, epuka kupangiwa siku ya mkesha wa sikukuu, na kabla ya kuondoka nyumbani tafuta daktari wa macho wa karibu atakayekubali kukupima baadaye, kwani matone ya steroidi unayopewa kwa wiki kadhaa yanaweza nayo kupandisha presha kwa baadhi ya watu bila maumivu yoyote. Ikiwa jicho moja linafanywa kwanza, mboni ya jicho la pili ndiyo kipimo chako cha kulinganishia kila siku, nami napendelea utaratibu huo kuliko kufanya yote mawili kwa mkupuo, hasa kwa anayetoka mbali.

Mwisho, dai kadi yenye aina ya lenzi, ukubwa wake, nguvu yake, na maelezo kama ina kitundu au la, kisha ipige picha na kuihifadhi kwenye simu. Lenzi hairekebishi urefu wa jicho. Mtu aliyekuwa na −10 bado ana jicho refu na retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) iliyovutwa, inayohitaji kukaguliwa kila mwaka, na ukaguzi huo hudai mboni ipanuliwe tena kwa matone. Atakayekupanua mboni miaka kumi baadaye huenda asijue kuna lenzi nyuma ya airisi yako, kwa hiyo mwonyeshe kadi kabla hajafungua chupa, na umwombe apime presha kabla ya matone na mara nyingine kabla hujaondoka.